Mashine Utapata, Mbegu Utatoa Wapi?

MASWALI YA WASOMAJI: BIASHARA NA MITAJI

Anayejibu alikaa dawati la mikopo la benki kwa miaka mingi. Sasa amestaafu, anaishi Dodoma.

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa Ikungi, mkoani Singida. Nimeomba mkopo wa shilingi milioni 38 nianzishe kiwanda kidogo cha kukamua alizeti: mashine yenye uwezo wa tani 2 za mbegu kwa siku, kichujio, mota, na ukarabati wa banda ambalo marehemu baba alituachia kando ya barabara kuu. Mchanganuo wa biashara nimeuandika mwenyewe kwa kufuata mfano niliopewa na rafiki. Afisa mikopo aliusoma nikiwa nimekaa mbele yake. Alipofika ukurasa wa uchambuzi wa sekta akaupiga mstari mwekundu kutoka juu hadi chini, akasema, "Hapa hakuna kitu, kaandike upya." Nikaona haya kumuuliza anataka kitu gani.

Nakunakilia nilichoandika: "Sekta ya mafuta ya kula nchini Tanzania ni kubwa na inakua kwa kasi. Mahitaji ni makubwa kuliko uzalishaji, hivyo soko ni la uhakika. Serikali inaunga mkono wawekezaji. Ushindani ni mdogo kwa kuwa mafuta yetu ni ya asili, hayana kemikali. Nguvu ya wauzaji wa malighafi ni ndogo kwa kuwa wakulima ni wengi. Tishio la bidhaa mbadala ni la wastani."

Mama, kosa liko wapi? Au niliyoandika si ya kweli?

Msomaji wa Ikungi

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa wino mwekundu.

Mengi uliyoandika ni ya kweli, na hapo ndipo penye taabu. Futa neno "mafuta" uweke "saruji", aya yako inasimama. Weka "maziwa", inasimama vilevile. Afisa mikopo akisoma aya ya namna hiyo anaelewa jambo moja tu, kwamba mwombaji hajakaa mnadani akaona alizeti inavyobadilisha mikono. Zile "nguvu" ulizozitaja mwishoni asili yake ni nguvu tano za ushindani za Michael Porter, profesa wa biashara wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye alizitoa mwaka 1979, na kama chombo cha kufikiria hazina ubaya. Ubaya unakuja pale mtu anapojaza "ndogo", "wastani", "kubwa" kama anajaza fomu ya kliniki.

Benki inataka kujua hivi: katika biashara hii hela inaingilia wapi, inatokea wapi, nani anaishika njiani, na wewe umesimama wapi kwenye njia hiyo. Kwa alizeti, usianzie taifani. Anza na kilo 100 za mbegu zilizomwagwa sakafuni kwenye banda la marehemu baba yako.

Namba nitakazokupa ni za mfano, wewe utaweka za Ikungi za wiki hii. Tuseme umenunua mbegu kwa shilingi 900 kilo. Umetoa 90,000. Mashine ndogo, kwa mbegu ya aina ya Record iliyopepetwa vizuri, tuseme inakupa lita 25 za mafuta na kilo 65 za mashudu, yaani makapi yanayobaki mbegu ikishakamuliwa, ambayo ni chakula cha mifugo. Kinachobaki ni takataka, unyevu, na lile tope la chini ya pipa wanalolinunua watengeneza sabuni. Dumu la lita 20 ukiliuza kwa jumla 72,000, lita moja ni 3,600, lita 25 ni 90,000. Umeiona? Mafuta yamerudisha hela ya mbegu, basi. Mashudu kilo 65 kwa shilingi 450 ni 29,250. Hiyo 29,250 ndiyo itakayolipa luku, vibarua, madumu, usafiri, ushuru, rejesho la benki, na wewe upate cha kula.

Katika aya yako neno "mashudu" halimo.

Sasa itikise hesabu hiyo kidogo. Mbegu ikipanda shilingi 100 tu kwa kilo, umebaki na 19,250. Mafuta nayo yakishuka shilingi 300 kwa lita, umebaki na 11,750. Mabadiliko ya namna hiyo yanaweza kutokea ndani ya msimu mmoja. Kwa hiyo kazi ya ukurasa uliopigwa wino mwekundu ni kueleza nani anayepandisha hiyo mia na nani anayeshusha hiyo mia tatu.

Tuanze na mia tatu. Umeandika kwamba mahitaji ni makubwa kuliko uzalishaji, hivyo soko ni la uhakika. Pengo lipo kweli, nchi inaagiza mafuta mengi kutoka nje. Lakini hakuna Mtanzania anayekaanga kwa maji kwa sababu ya pengo hilo. Limezibwa siku nyingi na meli za mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia zinazoteremsha mzigo Dar es Salaam. Mshindani wako mkubwa ni hayo mawese, wala si yule jirani mwenye mashine kule Singida mjini. Bei ya mawese inapigwa kila siku kwenye soko la bidhaa la Kuala Lumpur, kwa ringiti, na ikifika Kariakoo ndiyo inayomwambia mwenye duka akuongezee au akupunguzie kwenye dumu lako.

Kumbuka mwaka 2022. Februari vita vikaanza Ukraine, na Ukraine na Urusi ndio wakulima wakubwa wa alizeti duniani. Mwishoni mwa Aprili Indonesia ikafunga mauzo ya mawese nje, ikafungua tena Mei. Bei zikapaa, kila mtu Singida akataka mashine. Kufika Oktoba mwaka huohuo, bei ya mawese duniani ilikuwa imeanguka hadi karibu nusu ya ilivyokuwa Machi. Aliyeandika mchanganuo mwezi wa nne kwa bei ya mwezi wa nne, akakopa, akafungua kiwanda mwezi wa kumi, wewe mwenyewe piga picha.

Kati ya Kuala Lumpur na Ikungi kuna mlango mmoja, nao ni ushuru wa forodha. Bajeti ya 2018/19 iliupandisha hadi asilimia 25 kwa mafuta ghafi na asilimia 35 kwa yaliyosafishwa, na tangu hapo viwango hivyo vimeguswa zaidi ya mara moja, huku mkulima anavutia kwake na mlaji wa mjini anavutia kwake. Kila Juni Waziri wa Fedha anaposimama bungeni, anasoma sehemu ya faida yako. Kwa hiyo "Serikali inaunga mkono wawekezaji" ni sentensi ya mkutano wa hadhara. Andika kiwango cha ushuru cha mwaka huu, andika kilikuwaje miaka mitatu iliyopita, halafu onyesha kwamba kikishuka kwa asilimia 10 bado unaweza kurejesha mkopo. Kama huwezi, ni bora uyajue hayo wewe kabla ya benki.

Tukienda kwa mnunuzi, "soko la mafuta ya kula" usilichukue kama kitu kimoja. Muuza chips wa Dodoma ananunua mawese yaliyosafishwa kwa sababu ni rahisi, hayana harufu, na hayatoi povu kwenye karai. Huyo si wako, hata ukimhubiria vipi habari za asili. Wako ni yule mama wa Dar ambaye mume wake ana presha na daktari amemwambia aachane na mafuta yanayoganda. Wako ni dereva na abiria wa barabara kuu wanaosimama kwenye madumu ya kando ya lami, na mwenye duka la mtaani anayepima kwa kibaba. Watu hawa wanalipa zaidi kuliko bei ya mawese, ila wana shaka moja kubwa, kwamba umechanganya. Simama hapo barabarani alfajiri ya mwezi wa saba, wakati Singida ina baridi, umtazame mnunuzi mzoefu. Atainua dumu kwenye mwanga wa taa ya gari na kulitikisa taratibu. Akiona mawingu yaliyoganda chini, anajua kuna mawese humo, anarudi garini bila kuuliza bei. Hicho ni kipengele cha sekta yenu, kwamba uaminifu wa barabara nzima unaharibiwa na mmoja anayechanganya. Kieleze, kisha useme wewe utamhakikishia vipi mteja.

Mashudu yanataka utafiti wao peke yake. Wanunuzi ni wafugaji wa kuku wa mayai na ng'ombe wa maziwa, wachanganyaji wa chakula cha mifugo, na wale wanaokusanya kupeleka Kenya. Mashine ndogo hukamua mbegu pamoja na ganda lake, kwa hiyo mashudu yake yana nyuzinyuzi nyingi, na mchanganyaji wa chakula cha kuku hawezi kuyajaza apendavyo. Anayalinganisha na mashudu ya soya na ya pamba. Nenda kamuulize ananunua tani ngapi kwa mwezi, analipa papo hapo au baada ya wiki mbili, na bei yake ya Julai ikoje ukiilinganisha na ya Januari. Ukija na majina ya wanunuzi wawili au watatu, na bei walizokutajia, na tarehe uliyoongea nao, umeshawazidi waombaji wengi waliowahi kukaa mbele yangu.

Sasa ile mia ya mbegu, ambayo ndiyo kiini cha barua yako ingawa hukuitaja.

Unasema wakulima ni wengi kwa hiyo nguvu yao ni ndogo. Mwezi wa sita ni kweli. Mkulima amevuna, ana ada ya shule na deni la dukani, anauza. Rudi Novemba. Aliyebaki na alizeti ni mwenye ghala, na huyo hana haraka. Tena mwezi huohuo wa sita humkuti mkulima akiwa peke yake. Kuna madalali waliokwisha mwachia fedha tangu Februari, mbegu ikiwa shambani, na kuna viwanda vikubwa vyenye magari na fedha taslimu; Mount Meru wapo hapohapo Singida. Kiwanda kikubwa kikikosa mbegu ni hasara kwao, kwa hiyo wakiamua kuongeza shilingi 50 kwa kilo wanaongeza, na wewe utafuata au utafunga. Ushindani ulioandika kuwa ni mdogo umeutazama mlango wa mbele, kwenye kuuza mafuta. Kwa wakamuaji wadogo ushindani unaoua uko mlango wa nyuma.

Piga hesabu tena. Mashine ya tani 2 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni tani 52. Kwa shilingi 900 kilo, hiyo ni milioni 46.8 za mbegu kwa mwezi mmoja. Milioni 38 ulizoomba, hata zingekuwa za mbegu tupu bila mashine wala bati, ni mbegu ya siku 21. Na mkopo wako hauna hata senti ya mbegu! Utaniambia hela inazunguka, ukiuza mafuta unanunua nyingine. Inazunguka, ndiyo, tangu mavuno mpaka mbegu itakapoisha mikononi mwa wakulima. Baada ya hapo inazunguka kwa bei ya mwenye ghala.

Waombaji wa mashine za alizeti nilikuwa nawauliza, "Machi mtakuwa mnakamua nini?" Wengi walitazamana. Mama mmoja wa Kondoa alinijibu bila kupepesa macho: "Machi nimefunga, niko shambani." Kisha akafungua daftari lake la mistari, la shule ya msingi, ambamo alikuwa ameandika miezi kumi na miwili upande wa kushoto, na mbele ya kila mwezi magunia atakayokamua. Januari hadi Mei palikuwa na sifuri tano zimepangana. Marejesho yake aliyapanga Julai hadi Desemba tu. Hakutumia neno "sekta" hata mara moja. Faili lake nililipeleka mbele siku ileile.

Kwa hiyo ukichambua kwa haki, utagundua kwamba mikoa ya kati imejaa mashine zinazolala miezi mingi ya mwaka. Kinachokosekana ni mbegu na fedha ya kuinunulia kwa wakati. Hapo una njia kadhaa, na uchambuzi wako ndio utakaokuonyesha ipi inakufaa. Unaweza kuomba mashine ndogo zaidi na sehemu kubwa ya mkopo iwe ya kununulia mbegu. Unaweza kukodi mashine ya mtu inayolala, ukaweka hela yote kwenye mbegu. Au unaweza kuanza kwa kukamulia watu: mkulima analeta magunia yake, anaondoka na mafuta, wewe unabaki na mashudu au unalipwa kwa kilo, kwa kadiri ya desturi ya hapo kwenu. Binafsi, kwa banda la kando ya barabara na mfuko mwembamba, ningeanza na hiyo ya tatu. Faida yake kwa gunia ni ndogo, lakini bei ya mbegu ikipanda haikuumizi wewe, inamuumiza mwenye gunia.

Angalia pia mbegu yenyewe. Record ni ya siku nyingi, mkulima anaipenda kwa kuwa ni rahisi na anaweza kurudia kupanda aliyoivuna, lakini mafuta yake ni machache kuliko ya chotara kama Hysun 33. Kila lita moja unayoongeza kwenye kilo 100, kwa bei zetu za mfano, ni shilingi 3,600 juu ya 29,250. Muulize afisa kilimo wa kata wakulima wa kwenu msimu huu wamepanda nini, na wangapi wamehamia vitunguu au dengu baada ya bei kuwaangusha. Mkulima akivunjika moyo leo, mwakani mbegu itakuwa adimu na ghali, na wewe utakuwa na mkopo.

Ya vibali nayataja kwa haraka kwa sababu kila mtu anayaandika: usajili wa biashara wa BRELA, namba ya mlipakodi (TIN), leseni, alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia pia usalama wa chakula, OSHA wa usalama mahali pa kazi, na kanuni ya kuongeza vitamini A kwenye mafuta, ambayo wadogo wengi hawaijui. Pita SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoani, wanafahamu mlolongo wa TBS kwa wajasiriamali wadogo. Ushuru wa mazao wa halmashauri uweke kwenye hesabu, usiuweke kwenye hadithi. Na waulize chama cha ushirika kama alizeti yenu mwaka huu inapita stakabadhi ghalani, yaani inakusanywa ghalani kwanza ndipo iuzwe, au inauzwa huria, maana jibu hilo linabadilisha kabisa namna utakavyonunua.

Ukishaandika, kurasa mbili zinatosha. Anza na ile hesabu ya kilo 100. Fuatisha na nani anaamua bei ya mbegu, mafuta na mashudu, na mwezi gani. Weka jedwali la miezi kumi na miwili kama la yule mama wa Kondoa. Halafu ukae na afisa yuleyule, na safari hii usione haya.

SWALI

Mama, habari za kazi. Nina mpango wa kiwanda cha maji ya kunywa ya chupa hapa Kahama. Sensa ya 2022 inasema Watanzania tuko 61,741,120. Nimeandika kwamba nikipata asilimia 1 tu, kila mmoja akinunua chupa moja kwa wiki, nitauza chupa 617,411 kwa wiki. Mtu mmoja kanishauri nipunguze iwe nusu asilimia ili ionekane ya kweli. Unasemaje?

Msomaji, Kahama

JIBU

Nzuri, mwanangu. Aliyekushauri amekupunguzia namba, lakini wote wawili mnahesabu watu wa Mtwara na Pemba kama wateja wa Kahama.

Maji ni mazito na ni rahisi. Katoni ya chupa 12 za lita moja na nusu ina kilo 18, na bei yake haiwezi kubeba safari ndefu. Ndiyo maana karibu kila mji mkubwa una maji yake. Soko lako lina mpaka, na mpaka huo ni pale kirikuu chako, kile kigari kidogo cha mizigo, kinapoweza kwenda kikiwa kimejaa na kurudi siku hiyohiyo bila mafuta ya gari kumaliza faida. Chora mduara huo kwenye ramani. Ndani yake kuna Kahama mjini, kuna stendi, kuna minada, kuna njia ya kwenda Bulyanhulu kwenye mgodi na watoa huduma wake. Sensa unayo, chukua idadi ya watu wa kata zilizo ndani ya mduara tu, sahau nyingine.

Halafu ingia madukani kwa miguu. Katika kila duka hesabu aina za maji zilizopo, uliza katoni ngapi zinatoka kwa wiki, na uulize swali ambalo wengi hawaulizi: hili jokofu ni la nani? Mara nyingi ni la kampuni ya soda na maji, limetolewa bure kwa sharti kwamba chupa ya mwingine isiingie. Kwenye joto la Kahama, maji yaliyo nje ya jokofu hayauziki saa saba mchana. Kama nusu ya maduka ya mduara wako yana jokofu la watu, soko lako limekatika nusu kabla hujachimba kisima.

Kila chupa ina ushuru wa bidhaa na stempu ya kodi ya kielektroniki, kwa hiyo gharama hiyo iingie kwenye bei ya chupa tangu mwanzo. Utakapomaliza utakuwa na namba ndogo, labda katoni mia chache kwa siku. Ukiulizwa umeitoa wapi, utataja maduka.

SWALI

Assalaam aleikum dada. Niko Malindi, nakausha maembe kwa kikaushio cha jua na kuyatia kwenye pakiti. Natafuta ufadhili, na fomu ya mpango wa biashara inataka "mwenendo wa sekta kwa miaka mitano iliyopita". Nimetafuta takwimu za maembe makavu nchini Kenya hadi nimechoka. Za maembe mabichi zipo, za makavu ni chache na hazilingani. Nijaze nini?

Msomaji, Malindi

JIBU

Wa aleikum salaam, kaka. Usijaze namba ya kuokota mtandaoni, atakayeisoma huenda ameiona kwenye fomu za wengine.

Hizo za maembe mabichi zitumie, zina kazi. Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya, AFA, kupitia kurugenzi yake ya mazao ya bustani, hutoa ripoti zenye uzalishaji wa maembe kwa kila kaunti. Kwako wewe embe ni malighafi, na kilo moja ya makavu hula kilo 8 hadi 12 za mabichi kwa kutegemea aina, kwa hiyo mwenendo wa bei ya embe la aina ya Ngowe shambani ni mwenendo wa sekta yako moja kwa moja. Waulize mabroka wanaokusanya kwa lori bei waliyolipa kwa embe moja msimu huu, uliopita na wa kabla yake, Desemba mzigo ulipofurika na mwishoni mwa msimu ulipopungua. Nukuu ya watu watatu wanaokubaliana ni takwimu tosha kwa biashara ya ukubwa wako.

Upande wa kuuza, ingia supamaketi za Malindi, Watamu na Mombasa, uangalie rafu ya matunda makavu. Andika ni majina mangapi ya makampuni yapo, gramu ngapi, bei gani, nani ana alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na nani hana, zipi zimetoka nje ya nchi. Rudi baada ya miezi mitatu ufanye vilevile. Kampuni mpya zilizoongezeka na zilizotoweka ndizo mwenendo. Muulize pia anayesimamia rafu ni pakiti ngapi hurudishwa kwa kupitwa na tarehe, na geuza pakiti mbili tatu usome tarehe za nyuma. Ukikuta zilizo mbele zimetengenezwa wiki nyingi zilizopita na hakuna mpya nyuma yake, bidhaa haitembei, na kwenye fomu uandike hivyohivyo, pamoja na sababu unayoidhani: bei, ladha, au wageni wa hoteli hawakuja mwaka huo.